Siku Ukurasa wa Zuhura Ulipogeuka Mganga

Zuhura alikuwa muuza viungo. Hakuwa na duka kubwa. Alikuwa na meza moja tu mbele ya nyumba yake, Mji Mpya, mjini Morogoro. Juu ya meza alipanga mdalasini, karafuu, pilipili manga na iliki. Ukipita pale asubuhi, pua inakuambia kabla ya macho.

Mali hiyo ilitoka Mkuyuni na vijiji vya juu yake, kwao upande wa mama. Kila Jumanne Zuhura alipanda gari kwenda mlimani. Alikaa huko siku mbili, akinunua kwa wajomba na mama zake wadogo. Mdalasini hautaki haraka. Unabanduliwa ganda, unaanikwa, unasubiriwa. Alhamisi alirudi mjini na magunia yake.

Wateja wake wengi hawakuja mezani. Alikuwa na ukurasa Facebook na mwingine Instagram, zote kwa jina moja: Viungo vya Zuhura. Watu elfu nne walimfuata. Aliposti picha, wao wakaagiza.

Tatizo lilikuwa mtandao. Kule mlimani mtandao ni wa kubahatisha. Unapanda juu ya jiwe, unainua simu, unapata alama moja, mara imepotea. Kwa siku mbili kurasa zilikaa kimya. Wateja waliuliza, hakuna wa kuwajibu.

"Watu wanadhani umefunga biashara," alisema Salehe, mumewe, fundi baiskeli.

"Sasa nifanyeje? Nijigawe?"

Jumatatu moja mtu alituma linki kwenye kundi la WhatsApp la wajasiriamali. Maneno yalisema hivi: "POSTI CHAPCHAP. Inaposti yenyewe hata ukiwa safarini. Inajibu wateja yenyewe. Wafuasi elfu kumi kwa wiki. BURE KABISA."

Zuhura aliona dua yake imejibiwa. Akabonyeza linki. Simu ikamwonya kwamba programu ile haitoki kwenye duka la programu, ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Programu ikaomba kusoma meseji zake. Akaruhusu. Ikaomba majina yote ya kwenye simu. Akaruhusu. Mwisho ikaomba neno lake la siri la Facebook. Hapo kidole kilisita kidogo.

"Huyo anayetoa bure, yeye anakula nini?" aliuliza Salehe huku akijaza upepo tairi.

"Wewe baki na baiskeli zako!"

Akaandika neno la siri. Yote hayo kabla mchana haujaisha.

Jumanne asubuhi Zuhura alifika stendi. Alipokuwa akisubiri gari la Mkuyuni lijae, alifungua ukurasa wake. Loo! Akakuta picha yake mwenyewe, ile ya sikukuu ya Idi akiwa na kilemba cheupe. Chini yake pameandikwa: "MGANGA ZUHURA WA ULUGURU. Mdalasini wake unaponya presha na kisukari. Acha vidonge leo."

Zuhura alicheka mpaka abiria wenzake wakageuka.

"Mikidadi huyu!" alisema. "Mikidadi hana adabu hata kidogo!"

Hapa lazima nikueleze kidogo, vinginevyo utamlaumu bure. Kwa Waluguru, ukoo una watani wake. Mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaweza kukuita mchawi katikati ya soko, na ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Mikidadi wa Mkuyuni alikuwa mtani wa ukoo wa Zuhura. Siku baba yake Zuhura anazikwa, Mikidadi alikaa ukingoni mwa kaburi. Akasema maiti haiingii mpaka yeye apewe jogoo. Watu walilia na kucheka kwa pamoja. Jogoo akatolewa.

Tena Mikidadi ndiye aliyemfungulia Zuhura ukurasa ule, miaka miwili nyuma. Neno la siri alilitunga yeye, na halikuwahi kubadilishwa. Sasa nani mwingine angefanya mzaha kama ule?

Na mtani hakasirikiwi, anajibiwa. Zuhura akaandika chini ya ile picha kwa mkono wake: "Ndiyo mimi mganga! Njooni niwatibu. Vidonge watupieni kuku!"

Gari likajaa, likaondoka. Baada ya Bigwa, nje kidogo ya mji, barabara ilianza kupanda, na mtandao ukakatika.

Kule Mkuyuni alimkuta Mikidadi sokoni, amekalia gunia la karafuu.

"Mtani, umenifanya mganga?" Zuhura alimuuliza mbele ya wajomba zake.

"Mganga gani? Wewe hata mafua yako huyawezi!"

Zuhura akacheka. Mtani hakiri kosa, hilo linajulikana. Akaendelea kupima mdalasini, na siku mbili zikapita.

Alhamisi mchana gari lilishuka mpaka Bigwa. Simu ikaanza kutetemeka mkobani. Ikatetemeka, ikatetemeka, haikuacha. Zuhura aliitoa. Meseji mia moja na kumi na mbili.

Ya kwanza ilitoka kwa mtu wa Mikese: "Dada, ile dozi ya kisukari nimeshalipia kwenye namba uliyotoa. Inafika lini?"

Zuhura hakuwahi kutoa namba yoyote. Akasoma ya pili, na ya tatu. Watu asiowajua walikuwa wakimwita mganga. Mmoja alimshukuru. Mwingine alimlaani.

Halafu akaona jina analolijua. Mama Angelina wa Kilakala, mpishi mstaafu, mteja wake wa iliki tangu siku ya kwanza. Mama Angelina alikuwa na presha mwaka wa tisa. Meseji yake ilitumwa jana asubuhi.

"Zuhura mwanangu, mwanzo sikuamini. Lakini nimeona umejibu mwenyewe. Nimeacha vidonge tangu jana. Nakunywa mdalasini kutwa mara tatu. Kichwa kinaniuma kidogo, nadhani ni dawa inafanya kazi."

Zuhura aliisoma mara mbili. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika.

Akampigia Mikidadi. Kwa bahati simu ikapatikana.

"Mikidadi, niambie kweli. Ile picha ya mganga ni wewe?"

"Picha gani, Zuhura?"

"Usinitanie sasa hivi! Ile ya kuwaambia watu waache vidonge vya presha!"

Sasa sauti ya Mikidadi haikuwa ya mtani.

"Wallahi si mimi. Mama yangu aliuawa na presha. Nakutania kwa kila kitu, Zuhura, lakini si kwa hilo."

Basi nani? Mtu asiyejulikana alikuwa amevaa sura ya Zuhura, akisema na watu wake. Na yeye mwenyewe alikuwa amemwitikia. Vidonge watupieni kuku! Aliyakumbuka maneno yale.

Alipoteremka stendi alimkuta Salehe amekuja kumpokea na baiskeli. Alimweleza mambo yote kwa pumzi moja.

"Panda bodaboda, nenda kwa Mama Angelina," alisema. "Hapokei simu. Nenda sasa hivi, baba. Gonga mlango, ukivunjika tutalipa."

"Na wewe?"

"Nakwenda kwa Yasmin. Huyo mtu bado yumo ndani ya ukurasa wangu."

Yasmin alikuwa jirani yao wa nyumba ya pili. Kazi yake ilikuwa kusimamia kurasa za watu: nyumba mbili za wageni, saluni moja na duka la vifaa vya ujenzi. Zuhura alikuwa akimwona kila siku barazani na kompyuta yake. Hakuwahi kumuuliza swali hata moja. Alidhani ushauri wa Yasmin ni wa kulipia, na ule wa kwenye kundi ni wa bure.

"Hodi! Hodi, Yasmin!"

"Karibu, dada Zuhura. Kuna nini, mbona unahema?"

Zuhura alimpa simu. Kabla hajamaliza kueleza, kioo cha simu kikabadilika. Posti mpya ilikuwa imetokea kwenye ukurasa wake, hapo hapo, wote wawili wakitazama. "Mganga Zuhura anawatangazia. Leo dozi mbili kwa bei ya moja. Wenye presha msichelewe."

Zuhura aliruka nyuma. Mikono yake ilikuwa mitupu. Ukurasa wake ulikuwa unasema bila yeye.

"Zima! Izime simu, Yasmin! Futa kila kitu!"

"Hapana!" Yasmin aliishika simu kwa mikono miwili. "Usizime, na usitoke kwenye akaunti. Sasa hivi bado uko ndani. Ukitoka, yeye akabadilisha neno la siri, hutaingia tena. Kaa chini. Niambie, wiki hii uliweka programu gani mpya?"

Zuhura aliitaja.

"Uliipata wapi?"

"Kwenye kundi. Ilikuwa ya bure."

"Ubure si kosa. Mimi mwenyewe natumia za bure. Iliomba kusoma meseji?"

"Iliomba."

"Basi tunaanza na hiyo. Tukibadilisha neno la siri kabla ya kuitoa, Facebook itatuma namba ya uthibitisho kwa meseji, na mwizi ataisoma pamoja na sisi."

Yasmin aliiondoa Posti Chapchap kwenye simu. Akahakikisha barua pepe na namba ya Zuhura bado ndizo zilizo kwenye akaunti. Hazijaguswa bado. Zuhura alikuwa akipumua kwa mdomo.

"Sasa tunga neno jipya. Refu, ambalo hata huyo Mikidadi uliyenitajia hawezi kulikisia. Liandike wewe, mimi natazama pembeni."

Zuhura aliandika. Vidole vilikosea mara mbili. Mara ya tatu likakubali. Simu ikauliza kama vifaa vingine vyote vitolewe kwenye akaunti.

"Ndiyo," alisema Yasmin. "Vitoe vyote."

Wakafungua orodha ya wasimamizi wa ukurasa. Palikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa lake. La pili hawakulijua.

"Huyu hapa," alisema Yasmin kwa sauti ndogo. "Alijiongeza mwenyewe. Tumtoe kabla hajatutoa sisi."

Wakati huo huo simu ikaita. Alikuwa Salehe.

Zuhura alitazama jina la mumewe, akaogopa kupokea. Je, akiambiwa Mama Angelina ameshakufa? Yasmin ndiye aliyebonyeza.

"Mlango umefungwa kwa ndani," alisema Salehe. Alikuwa akihema. "Nimeita, hajibu. Majirani wanasema leo hawajamwona. Tunauvunja."

Simu ikakatika.

"Endelea, dada," Yasmin alisema. "Huko yupo Salehe. Hapa upo wewe. Kuna akina Mama Angelina wengine wanaosoma ukurasa huu sasa hivi. Mtoe huyu mtu."

Zuhura alibonyeza. Jina la pili likatoweka. Wakaanza kufuta posti za uongo, tano zote. Walipofika kwenye ile ya kwanza, yenye jibu lake la kuku, Yasmin alipiga picha ya kioo kwanza, kwa ajili ya polisi. Kisha Zuhura akaifuta kwa kidole chake mwenyewe. Mwisho aliandika, huku Yasmin akimsomea polepole: "Ukurasa huu uliibiwa. Mimi si mganga. Viungo vyangu ni vya chakula, havitibu presha wala kisukari. Kama uliacha dawa, nenda kituo cha afya leo. Usitume pesa kwa namba yoyote iliyotangazwa hapa."

Halafu wakakaa. Dakika zile zilikuwa ndefu, jamani. Zuhura alishika simu magotini na kusoma dua moja kwa moja, bila kituo.

Salehe alipiga baada ya robo saa.

"Yu hai," alisema.

Zuhura alilia kwa sauti, hata mama wa nyumba ya jirani akachungulia.

Walimkuta Mama Angelina sakafuni, karibu na kitanda, anaita lakini sauti haitoki. Walimpeleka hospitali kwa bajaji. Presha yake ilikuwa juu sana. Daktari wa zamu alisema kama wangechelewa mpaka jioni, angezungumza mengine.

Kesho yake Zuhura alikwenda wodini na chupa ya uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa mzito. "Nilikuamini wewe. Lile jibu lilikuwa lako, au nalo la mwizi?"

Zuhura angeweza kusema ni la mwizi. Nani angejua?

"Lilikuwa langu, mama," alisema. "Nilidhani mtani wangu ananitania. Nisamehe."

Mama Angelina alinyoosha mkono. "Leta uji," alisema. "Lakini usitie mdalasini."

Baada ya kutoa taarifa polisi, Zuhura alipita tena kwa Yasmin. Safari hii alikwenda na swali.

"Nirudi kuposti kwa mkono? Naogopa hata kuigusa simu."

"Kuogopa kidogo ni kuzuri," alisema Yasmin. "Lakini shida yako bado iko palepale. Ukienda mlimani, wateja wanakosa majibu. Kwanza niambie, unahitaji programu ikufanyie nini hasa?"

Zuhura alifikiri. "Iposti nikiwa sipo. Na mtu akiuliza, ajue nimekwenda wapi."

"Basi, hayo mawili tu. Umesikia? Hukusema unataka wafuasi elfu kumi. Anayekuahidi wafuasi kwa wiki moja, mkimbie. Sasa, wenye Facebook na Instagram wana programu yao wenyewe ya kupangia posti. Inaitwa Meta Business Suite. Ni ya bure. Na WhatsApp ya biashara, nayo ya bure, inaweza kumjibu mteja kwamba haupo."

"Zote hizo zipo, na mimi nilikwenda kuokota ya kwenye kundi?"

"Ndiyo maana nakuambia. Ipate kwenye duka la programu, si kwa linki ya kutumiwa. Tazama nani ameitengeneza. Soma maoni ya watu, hasa wale waliokasirika, maana hao ndio wanaosema kweli."

"Na nikitaka ya kampuni nyingine?"

"Zipo nzuri. Nyingi zinakupa kidogo bure, labda kurasa mbili tatu na posti chache kwa mwezi, ili ukikua ulipie. Hapo unaona anakula nini. Lile swali la Salehe ulilonisimulia lilikuwa zuri. Ila shika hili: programu ya haki haikuombi neno la siri la Facebook. Inakupeleka Facebook kwenyewe, unaingia huko, Facebook inakuuliza kama unairuhusu. Ukichoka nayo, unaiondolea ruhusa. Na ikiomba kitu, jiulize kazi yake. Ya kuposti picha inataka meseji zako za nini?"

Zuhura aliinamisha kichwa. Ruhusu, ruhusu, ruhusu. Alikuwa ameruhusu bila kutazama, kama anayefukuza kuku.

Siku hiyo hiyo waliweka uthibitisho wa hatua mbili. Mtu akilipata neno la siri, bado atahitaji namba inayokuja kwa Zuhura. Yasmin aliwekwa msimamizi wa pili, ili mmoja akiwa mlimani mwingine awe macho. Kwenye kundi la wajasiriamali Zuhura alieleza yote, hata ule upumbavu wake wa kuku. Watu sita walijibu kwamba wao pia waliiweka programu ile. Mmoja wao ndiye aliyeituma. Naye alitumiwa na mtu.

Jumanne ya pili yake Zuhura alipanda gari kwenda Mkuyuni. Mikidadi alikuwa akimsubiri sokoni, mkono umenyooka.

"Faini yangu," alisema. "Umenisingizia mbele ya wajomba zako. Jogoo mmoja."

Zuhura alitoa jogoo kwenye kikapu. Alikuja naye kabisa.

Mikidadi alimpokea, akamgeuza huku na huku. "Huyu hajala vidonge?"

Zuhura alitaka kucheka, lakini hakuweza. Mikidadi aliona. Akamweka jogoo chini, akamsaidia kubeba magunia.

Siku hizi kila Jumatatu Zuhura anakaa barazani na Yasmin, anapanga posti za wiki. Akiwa mlimani, picha zinatoka zenyewe kwa saa alizochagua. Anayeandika WhatsApp anajibiwa: "Niko shambani Mkuyuni. Nitakujibu Alhamisi mchana." Wateja hawanuni tena. Wapya wameongezeka, na wengine wanasema wamempenda kwa sababu anasema viungo vyake haviwezi kufanya nini.

Maana posti ya kwanza ya kila Jumanne haibadiliki. "Viungo vya Zuhura ni vya chakula. Havitibu ugonjwa. Kama una dawa ya daktari, umeze leo." Na kila Jumanne, chini yake, Mama Angelina anaandika neno moja.

Zuhura haoni mpaka Alhamisi. Gari linaposhuka na kufika Bigwa, simu inaanza kutetemeka mkobani, na moyo wake unashtuka vilevile kama siku ile. Hasomi oda. Hasomi salamu. Anafungua posti ya Jumanne, anateremsha kidole polepole, anatafuta jina moja, na pumzi ameibana mpaka alione.

"Nimemeza."